Kufunga bodi ya kempa kwenye pikapu bila kupasua chasi: mwongozo kamili

Kabla hujashika drili wala grinda fanya jambo moja. Chukua pikapu yako ikiwa bado na bodi yake ya asili nyuma, panda na gurudumu moja tu la mbele juu ya tuta, hata yale matuta ya kuingilia shambani yanatosha, zima injini, vuta breki ya mkono, teremka, nenda kasimame hatua kumi nyuma uitazame. Utaona kebini imelalia huku na bodi imelalia kule, ukingo wa juu wa kebini na ukingo wa bodi haviendi sambamba tena. Gari halijaharibika, ndivyo lilivyoundwa. Chasi ya pikapu ni ngazi, reli mbili ndefu na vyuma vya kukingama katikati, na ngazi ukiikanyaga pembe moja inasokoteka ili magurudumu yote manne yabaki chini.

Sasa fikiria pale nyuma umeweka kempa, yaani nyumba ndogo ya kulala safarini, sanduku la mita mbili unusu, lina kuta na paa na mlango na vioo na kabati za jiko, sanduku lenyewe halitaki kusokoteka hata kidogo, halafu umelibana na bolti nane ngumu mpaka mwisho. Mmoja kati yao lazima ashindwe.

Langu la kwanza ilishindwa bodi kwanza, chasi baadaye. Mwezi wa kwanza mlango wa nyuma ukaanza kugoma kufunga kila nikiegesha mahali pa kubonyea, mimi nikaulaumu mlango, nikaupiga randa. Ikaja masika, silikoni ya dirisha la mbele ikawa imeachia kwenye pembe, godoro likalowa. Halafu siku moja niko chini nagrisi nikaona mstari mwembamba kama unywele umetoka kwenye tundu la bolti nyuma tu ya kebini ukipanda juu. Fundi aliyenifungia nilipomrudia akasema bolti hazikutosha, tuongeze. Tukaongeza! Wallahi nikikumbuka nacheka mwenyewe, maana ndipo tulipoimaliza.

Nilimsimulia mzee mmoja hapa Malindi, fundi wa majahazi, hana habari na magari kabisa, akaniuliza, "Mwanangu, hilo sanduku umelipigilia au umelishona?" Wenye asili ya Lamu wataelewa haraka. Mtepe wa zamani wa visiwa vile haukuwa na msumari, mbao zilishonwa kwa kamba za nazi, chombo kikipigwa na wimbi au kikipandishwa mchangani kilinesa kidogo kisha kikarudi. Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya hapa, tunashona. Bodi inakaa juu ya chasi, haiendi mbele wala nyuma wala ubavuni, lakini chasi ikitaka kusokoteka chini yake inaachiwa. Mengine yote humu ni maelezo ya hilo.

Ijue chasi yako kwanza

Ingia chini ushike reli nyuma ya kebini. Ukikuta ina umbo la C, yaani ubavu mmoja umesimama na midomo miwili juu na chini, upande wa pili uko wazi, hiyo inasokoteka sana. Canter na malori madogo ya Isuzu ziko hivyo. Ukikuta imefungwa pande zote nne kama boksi, inasokoteka kidogo zaidi lakini bado inasokoteka, usidanganywe. Ziko chasi ambazo ni boksi mbele na C nyuma, na pale zinapobadilika ndipo pa kuogopa.

Dabokebu, zile za safu mbili za viti, nazo zina jambo lake. Kebini ndefu imesukuma bodi nyuma, kwa hiyo kempa inaning'inia nyuma ya ekseli, na hizi ndizo unazoziona zimepinda kama ndizi nyuma ya kebini. Hapo hata mfumo mzuri wa kufungia bodi kwa springi haukusaidii, kinachokusaidia ni uzito kuwa mdogo na kuwa mahali pake.

Uzito, na uzito unakaa wapi

Soma kibati cha gari, kile cha mlangoni au chini ya boneti, utoe uzito wa gari tupu kwenye uzito wa juu unaoruhusiwa. Kinachobaki ndicho chako chote, na humo ndani mumo wewe, mama watoto, maji, friji, kuni, kila kitu. Maji lita moja ni kilo moja, tangi la lita 100 ni kilo 100, hakuna ujanja. Betri ya asidi ya ampea saa 100 ni karibu kilo 30, ya lithiamu ya namna hiyo haifiki nusu yake. Tyubu ya chuma ya 60 kwa 40 yenye unene wa milimita 3 ni kilo 4 na kidogo kwa kila mita. Andika kila kitu kwenye daftari, halafu ukimaliza kazi peleka gari kwenye mizani upime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake.

Sasa kitovu cha uzito. Nitatumia Land Cruiser 79 ya singokebu kwa mfano kwa sababu ziko nyingi huku, ekseli hadi ekseli ni milimita 3,180. Tuseme kempa yako ikijaa ni kilo 900 na kitovu chake kiko sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma, yaani milimita 2,980 kutoka ekseli ya mbele. Zidisha 900 kwa 2,980 ugawanye kwa 3,180, unapata karibu kilo 843 nyuma, zilizobaki 57 ziko mbele. Sogeza kitovu hicho hicho kiwe sentimita 30 nyuma ya ekseli, sasa nyuma kuna kilo 985, zaidi ya kempa yenyewe! Zile 85 za ziada zimetoka wapi? Zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, usukani unakuwa mwepesi na chasi inapindwa kila ukiruka bampu. Kwa hiyo maji na betri mbele karibu na kebini, chini, na nguo na magodoro ndiyo yaende nyuma. Watu hupenda kuweka jiko na tangi nyuma kabisa kwa sababu ya kupikia nje, naelewa, mimi mwenyewe napenda kupikia nje, lakini tangi weka mbele upeleke bomba.

Pima msokoto, usikisie

Toa bodi ya asili. Egesha mahali tambarare, weka tyubu iliyonyooka juu ya reli mbili ikingame nyuma ya kebini, nyingine ikingame mwisho wa chasi, zibane na klampu. Simu yako ina pimamaji ndani yake ya kusoma digrii, iweke kwenye kila tyubu uandike. Halafu pandisha gurudumu la mbele la kulia na la nyuma la kushoto kwenye magogo imara ya sentimita 20 hivi, zuia magurudumu mengine, soma tena. Tofauti ya mbele na nyuma ndiyo msokoto wako. Mimi nilipata digrii 3.

Digrii 3 inasikika ndogo. Lakini kama reli zako zimeachana milimita 800, digrii 3 ni milimita 42 upande mmoja kushuka kuliko mwenzake. Kwenye bodi ya upana wa mita 2 ni zaidi ya sentimita 10 pembe kwa pembe. Hiyo ndiyo unataka mlango wako uikubali, haiwezekani.

Liandike hilo la 42 mahali, tutarudi kwake kwenye springi.

Mfumo gani

Iko mitatu inayotumika kweli. Wa kwanza ni wa pointi tatu, mbili ngumu nyuma, kulia na kushoto, na moja ya kuzunguka mbele katikati, kama kigoda cha miguu mitatu, hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbaya. Wa pili ni wa pointi nne kwa umbo la almasi, moja mbele katikati, moja nyuma katikati na mbili ubavuni, Unimog, lile lori la Mercedes la njia mbaya, hutumia sana namna hii kwa sababu chasi yake imetengenezwa isokoteke kupita kiasi. Wa tatu ni fremu ya pili inayolalia reli za chasi urefu wote, nyuma imefungwa ngumu, mbele na katikati imeshikwa na bolti zenye springi.

Kwa pikapu ya kempa ya kilo 1,000 hivi mimi nasema wa tatu, na sibishani sana na anayesema vingine ila sababu yangu ni hii. Pointi tatu inaweka mzigo wote wa mbele kwenye chuma kimoja cha kukingama katikati ya chasi, na chuma kile kiwandani hakikukusudiwa kubeba hivyo, itabidi ukijenge upya. Pia gari likilala kwenye kona bodi inashikwa na zile pointi mbili za nyuma peke yake, zisipokuwa pana unasikia kempa inayumba kama ngalawa. Fremu ya kulalia inatandaza uzito juu ya reli yote, ukienda kwenye lami ni kama imefungwa kabisa, ukishuka mferejini inajiachia.

Fremu ya pili

Hii ndiyo sehemu ya kutumia pesa. Reli mbili za tyubu au za C zilalie juu ya reli za chasi sawasawa, sio pembeni, ubavu juu ya ubavu. Katikati weka mataruma, mimi naviita hivyo vile vyuma vya kukingama kwa sababu kazi ni ile ile ya mataruma ya jahazi, kila baada ya nusu mita hivi yatoke mpaka upana wa bodi. Yangu ina reli mbili za mita 2.4 na mataruma matano ya mita 1.8, tyubu ya 60 kwa 40, jumla karibu mita 14, kilo 60. Inatosha kwa sababu bodi yenyewe juu, ukiiunganisha vizuri na sakafu, ndiyo inayotoa ugumu.

Ncha za mbele za zile reli usizikate wima. Zikate kwa mshazari ziwe nyembamba polepole, kama omo ya ngalawa. Ukiziacha wima, chuma kigumu kinaishia ghafla juu ya chasi laini na pale pale nyuma ya kebini ndipo chasi itapasuka. Mstari wangu ule mwembamba ulianzia tundu la hapo, na ncha yangu ilikuwa imekatwa wima kama matofali. Na zivute reli mbele kadiri nafasi inavyoruhusu.

Kuchomelea kote fanya fremu ikiwa chini, mbali na gari. Kwenye chasi yenyewe usichomelee kabisa, joto linalegeza chuma na pembeni ya mshono panakuwa pagumu halafu panakatika. Ukilazimika kuchomelea kitu kikiwa garini toa waya zote mbili za betri, chomoa kompyuta ya injini, na klampu ya ardhi iwe karibu na unapochoma, mkondo usipite kwenye beringi.

Na kutoboa: ubavu ndio unaotobolewa, midomo ya juu na ya chini usiiguse hata kidogo. Midomo ndiyo inayobeba, tundu pale ni sawa na kukata ukingo wa kitambaa kwa mkasi, kinachanika chenyewe. Kwanza tafuta matundu ya kiwandani, chasi nyingi zinayo mengi tu, na yale mabano yaliyoshika bodi ya asili pia yanafaa. Ukitoboa jipya liwe katikati ya ubavu, lisiwe karibu na lingine, likwaruze kingo liwe laini, paka rangi kabla bolti haijaingia. Chasi ya boksi weka kipande cha bomba ndani bolti ipite humo, bila hivyo ukikaza unaibonyeza boksi na bolti haitakaa imekaza.

Kati ya chuma na chuma

Chuma juu ya chuma kinalia na kinakula rangi, na kwa chumvi ya huku mwaka mmoja unatosha kukuonyesha. Lakini raba laini nayo usiweke, kempa itadunda na raba inashika maji. Mimi nilitumia plastiki ngumu nyeupe, ile ile ya vibao vya kukatia mboga, nikakata mikanda ya upana wa reli na unene wa milimita 10. Mbao ngumu kama mbambakofi inafaa pia, watu wa malori wametumia mbao miaka yote, ila ipake mafuta na uiangalie kila mwaka. Mkanda ufunge kwenye fremu ya juu, sio kwenye chasi.

Nyuma, pale pagumu

Sentimita 60 hadi 80 za mwisho ndizo zinafungwa kikweli. Pleti za milimita 6, zimechomelewa kwenye fremu ya pili kisha zinashuka ubavuni mwa chasi na kufungwa kwa bolti nne kila upande, M12 (unene wa milimita 12) za daraja la nguvu la 8.8, kazi hiyo usiifanye na bolti zisizo na namba kichwani. Kaza na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, M12 ya 8.8 ni karibu Nm (nyutoni mita) 80. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani.

Pleti hizi ndizo zinazozuia kempa isije kukutembelea kebini ukikanyaga breki. Piga hesabu, kempa ya kilo 900 na breki kali, ni kama watu kumi wanene wanaisukuma mbele kwa pamoja. Springi za mbele hazihusiki na hilo, zenyewe zinavuta chini tu.

Kwa nini ngumu nyuma na springi mbele, sio kinyume? Kwa sababu nyuma ndiko ekseli iliko na uzito mwingi uliko, na nyuma ya kebini ndiko chasi inataka kufanya mchezo wake. Ukifunga ngumu pale unarudi kwenye hadithi yangu ya bolti nane.

Springi

Hapa tukae kidogo kwa sababu ndipo wengi wanaweka chochote walichookota.

Mpangilio ni huu. Sikio la chuma limechomelewa kwenye fremu ya pili, sikio jingine limefungwa kwa bolti ubavuni mwa chasi, limekaa chini ya lile la kwanza. Bolti ndefu ya M14 inashuka kupitia masikio yote mawili, chini ya sikio la chasi springi inavikwa kwenye bolti, halafu washa nene na nati mbili. Chasi ikishuka upande ule mwanya unafunguka kati ya reli na reli, sikio la chini linaibinya springi dhidi ya washa. Springi inabinywa, haivutwi, na hata ikikatika bolti bado imeshika, kempa haiendi popote. Ukiona mtu amefunga na springi za kuvuta, zenye ndoano, mwambie aziondoe leo. Matundu ya masikio yawe milimita 17 au 18 ili bolti iweze kuinama kidogo.

Sasa ile 42. Mimi nina pointi mbili mbele na mbili katikati. Springi ya mbele lazima ikubali kubinyika milimita 42 zaidi ya pale ulipoikaza. Mimi niliikaza milimita 20, jumla 62, weka akiba kidogo iwe 65. Springi ya urefu wa milimita 120 ikibinywa 65 inabaki 55, kwa hiyo pete zake zikigusana zote iwe bado chini ya 55. Zikigusana mapema springi imegeuka kuwa bolti. Za katikati zinahitaji karibu nusu ya mwendo huo, zile springi za valvu za injini za malori makubwa zinaweza kufaa pale, za mbele hazitoshi, ni fupi.

Ugumu wake upime hivi: weka springi juu ya mizani ya dukani, juu yake kipande cha mbao na jeki iliyosukumwa dhidi ya boriti imara, ibinye milimita 10 usome kilo, milimita 10 tena usome. Zangu za mbele ni karibu kilo 30 kwa kila milimita 10. Kwa hiyo nikikaza 20 inavuta kwa kilo 60, na msokoto ukifika mwisho ni kilo 195 hivi. Laini zaidi ya hapo kempa inapiga makofi kwenye njia ya vinundu, ngumu sana na ndio umerudi kwenye kubana. Dalili ya kwamba umepata sawa ni kwamba kwenye murami wa kawaida hakuna mwanya unaofunguka, unafunguka tu ukishuka mferejini au ukipanda gogo.

Kaza kwa kupima urefu wa springi na rula, sio kwa nguvu ya mkono. Zote mbili za mbele ziwe sawa. Nati ya pili inafunga ya kwanza, halafu tia alama ya rangi nyeupe ukitazama kwa tochi ujue kama imezunguka.

Isiende ubavuni

Mbele fremu ya pili haijafungwa, kwa hiyo inaweza kuteleza kando. Funga pleti mbili kila upande kwenye ubavu wa chasi zipande juu kuipita fremu ya pili kwa nje, ziwe ndefu kuliko ule mwanya wa juu kabisa, yaani zangu zinapanda sentimita 7. Ndani yake bandika ile plastiki ya kibao cha mboga, uache nafasi ya milimita 2. Ukikosa hizi ukipita kona ya mchanga utasikia kishindo kimoja kikubwa, kisha bolti zako za springi zimepinda.

Kebini, bomba la mafuta, waya

Kebini na kempa sasa ni watu wawili wanaotembea kila mmoja kwa mwendo wake, na kebini yenyewe imekaa juu ya raba zake. Kama kempa yako ina pua inayopita juu ya paa la kebini, digrii 3 kwenye nusu ya upana wa sentimita 80 ni milimita 42 za kushuka, na raba na mipindo mingine iko, acha sentimita 8 hadi 10 kati ya paa na pua. Nyuma ya kebini acha sentimita 6 angalau. Anayetaka tundu la kupita kutoka kebini kwenda nyuma aweke turubai laini au raba ya mikunjo kama ya mabasi marefu, asije akaunganisha kwa chuma au faiba.

Mdomo wa kujazia mafuta ulikuwa kwenye bodi ya asili, sasa utaufunga kwenye kempa, basi katikati pawe na hosi laini ya mafuta yenye ulegevu, na ile ndogo ya kupumulia pia. Waya za taa ziachie kitanzi. Paipu za breki usizifunge kwenye fremu ya pili hata kwa kamba ya plastiki.

Chumvi

Anayeishi Nairobi anaweza kuruka hapa, sisi hatuwezi. Kila tyubu iwe na tundu dogo la kutoa maji upande wa chini, la sivyo mvua na ukungu wa bahari vinakaa ndani na fremu inaliwa kutoka tumboni huku nje inang'aa. Redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili kabla ya rangi, na nta au grisi ndani ya tyubu. Bolti za zinki zinafaa kwenye chuma, bolti za steinlesi kwenye alumini weka washa za plastiki kati yao, metali hizo mbili zikikutana na chumvi alumini inageuka unga mweupe. Kwa bodi yenyewe ukikosa mtu wa kempa tafuta mafundi wa faiba wa boti, wapo huku na kazi yao imezoea maji kuliko ya fundi yeyote wa gereji.

Majaribio

Usiende Tsavo siku ya kwanza. Rudia yale magogo ya sentimita 20, kempa ikiwa juu, kisha zunguka na tochi: mwanya umefunguka mbele upande mmoja? Springi hazijagusana pete? Mlango wa kempa unafunga kwa kidole? Paa halijagusa pua? Mlango ndio shahidi wako, ukigoma kuna mahali bodi inasokotwa. Mara nyingi ni kitu ulichosahau, kwangu ilikuwa bomba la ngazi ya pembeni nililolifunga juu kwenye kempa na chini kwenye chasi, nimetumia wiki mbili kushona nyumba halafu nikaipigilia msumari mmoja.

Baada ya hapo nenda na urudi Mambrui, kisha njia ya Marafa ukiwa na maji kamili. Kaza tena nyuma baada ya kilomita 100, tena 500, na pima urefu wa springi, zikizoea zinalala milimita mbili tatu. Wanaokwenda Lamu kumbukeni gari linabaki Mokowe, hapo una muda wa kuingia chini kuangalia kabla hujapanda boti.

Karatasi nazo. Ukibadilisha aina ya bodi rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, na logibuku lazima zibadilike na gari likaguliwe, na kampuni ya bima uwaambie kwa maandishi kabla, maana siku ya ajali watatafuta hilo kwanza. Chukua picha za kila hatua ukijenga, mkaguzi akiona fremu na pleti za nyuma kwenye picha anaelewa haraka kuliko ukimweleza.

Beba springi moja ya mbele ya akiba na bolti yake na nati nne. Viweke kwenye kebini chini ya kiti, sio ndani ya kempa, kwa sababu siku utakayovihitaji mlango wa kempa ndio utakuwa umegoma.